Wimbo wa Kumi na Saba

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Kompyuta ya parokia sasa ni Linux. Ile Windows ililiwa na virusi vya flashi za kila kigango. Padri Laurian amenipa siku nne: nipange kitabu cha nyimbo za kwaya, nitoe PDF, kichapwe kabla ya ndoa ya Priscila, mwenzangu wa kwaya, Jumamosi. Kikipendeza, nafasi ya karani wa ofisi ni yangu. Mwaka mzima niko nyumbani. Mama anasema digrii yangu inajua kula ndizi tu.

Jumanne, 10 Septemba

LaTeX, programu ya kupanga kurasa, imeshuka tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Vifurushi viwili vya intaneti vimeisha. Nikaiendesha — faili fulani halipo. Nikalitafuta, nikaliweka. Jingine halipo. Na kabla ya kila jambo inadai nenosiri, kama mgambo. Mama kapita na jembe: bado unapika? Mbona hata moshi sioni.

Jumatano, 11 Septemba

Imetoka! Mistari imenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Namba za nyimbo inazipanga yenyewe, 1 mpaka 84. Sikuandika hata moja.

Mwalimu Danstan wa kwaya akaja na soprano wake. Shikamoo, marahaba, akainamia kioo cheusi. Binti, hii ni kompyuta au redio ya wanajeshi? Soprano wote wakacheka. Halafu akataka wimbo aliotunga yeye, wa 17, uwe na herufi kubwa kuliko nyingine zote.

Alipoondoka nikaweka alama ya asilimia mbele ya mstari unaouita wimbo wake. Alama moja tu, LaTeX inauruka kama haujapata kutungwa. Nikatoa PDF nyingine, nikacheka peke yangu. Kesho nitaurudisha.

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi nilikuwa shambani, tunapanda maharage. Kufika ofisini — Padri ameshaichukua ile PDF ya mwisho kwa flashi, ameipeleka Ngara mjini kuchapwa. Nimekuokolea safari, kasema kwenye simu. Nikasema asante Baba.

Asante!

Ijumaa, 13 Septemba

Vitabu mia mbili. Vizuri mno, naona uchungu kuvitazama. Padri kanishika mkono: Jumatatu njoo na kitambulisho, tuandike mkataba.

Nilidhani kosa ni wimbo mmoja. Nikafungua katikati. Kuanzia 17, kila wimbo umepanda nafasi moja. Na Mwalimu hafungui kitabu. Miaka thelathini anataja namba za kitabu cha zamani kutoka kichwani, watu ndio wanafungua. Nyimbo za ndoa mwisho wake ni 31. Kuanzia 32 ni mazishi. Na kila ndoa anaianza na 31.

Kitabuni mwangu 31 ni "Mwili Huu Tunaurudisha Udongoni".

Priscila atakuwa katikati ya kanisa.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika kwa penseli, kwenye benchi la soprano.

Nimemwambia Mwalimu. Nyuma ya sakristia, yote, hata alama ya asilimia. Nilitaka ataje namba pungufu kwa moja, basi, hakuna atakayejua. Akauliza: ulipouondoa, ulicheka? Nikasema nilicheka. Akasema sawa. Kuhesabu upya mimi siwezi, kichwa changu kimezeeka na namba zake. Wewe ndiye mwenye kitabu. Leo utaongoza wewe.

Mwalimu, mbele ya watu?

Mbele ya Padri, akasema. Asipokuuliza, mimi sitasema kitu. Akaenda kukaa kwenye besi, mikono imekunjwa, kama mgeni aliyealikwa.

Honi nje. Priscila amefika. Watu wanasimama, mia mbili, vitabu mkononi. Soprano wananisukuma niende mbele. Padri yuko mlangoni na kanzu nyeupe, ananitazama mimi, anamtazama Mwalimu kwenye besi. Sasa amekifungua kitabu. Anapitisha kidole, ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama anayetafuta wimbo wa Mwalimu —