Bima ya Mambo ya Jana

New Hope, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Vedasto,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Mie mzima, goti moja tu ndilo limegoma. Wewe na shemeji huko Machame mnaendeleaje?

Sasa kaa chini. Binti yangu Elinaja ananunua nyumba Inver Grove Heights, mji mwingine wa huku ughaibuni! Peke yake, kwa mshahara wake wa uhasibu! Gereji yake ukiingiza ng'ombe wako wote, watapotezana.

Wanaouza ni ndugu wawili, baba yao amefariki. Ofisi ya hati za nyumba imepekua rekodi za kaunti, nani alimuuzia nani, nyumba inadaiwa au haidaiwi, ikakuta safi. Halafu eti alipie na bima ya hati, ya kumlinda akitokea mtu wa zamani kuidai nyumba! Nilicheka mpaka nikakohoa. Bima ya gari naielewa, gari litagonga kesho. Hii ni bima ya mambo ya jana!

Nikamwambia, "Mama, hela hiyo nunua nyama. Upekuzi nafanya mwenyewe." Nikaenda kwa jirani wa nyumba ile, nesi wa Kikenya anaitwa Jeptoo, nikamaliza chai yake. Akaniambia, "Huyo mzee alikuwa na boys wawili, na msichana alihama kitambo." Nikarudi kifua mbele: "Warithi wawili, na wote wanasaini. Kazi imekwisha!"

Mtoto akasema, "Sawa baba." Kisha akaenda kulipa bima. Mbishi kama marehemu mama yake.

Kaka yako mwenye akili,
Melkiori

Machame, 2 Aprili 2024

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, mvua imeanza vizuri. Pole na goti, hongera na nyumba. Barua yako nilimsomea shemeji yako akiwa anamenya ndizi. Akanyanyua kisu: "Na huyo msichana je?" Nikamwambia yule alihama. Akasema, "Aliyehama amekufa?"

Jibu nimesema nitalitafuta kwako. Wewe unalo?

Mdogo wako,
Vedasto

Machame, 15 Julai 2024

Kaka, shikamoo tena.

Mbona kimya? Shemeji yako anasema ukinyamaza wewe, mambo yameharibika. Tujulishe afya.

Mdogo wako,
Vedasto

Inver Grove Heights, 20 Oktoba 2024

Vedasto, marahaba zote mbili.

Goti limepona, ngazi za humu zimelitibu. Shemeji hajambo? Mwambie aache uchawi.

Maana yule msichana alikuja! Tumeshahamia, hata pazia tumeweka, ikaja barua ya wakili: nyumba ni ya baba yake, anataka theluthi yake. Kaka zake walikuwa wameapa kwamba wamezaliwa wawili tu. Sasa rekodi za kaunti zingemwonaje, wakati hakuna aliyemwandika? Mimi nikaanza kukunja mashati yangu.

Elinaja akapiga simu moja tu. Watu wa bima wakaleta wakili wao, wakabishana huko, mwisho wakamlipa yule dada haki yake. Mwanangu hakutoa hata senti! Na ujue benki iliyomkopesha nayo ina bima yake kwenye nyumba hii, ila hiyo inalinda pesa ya benki, wewe ukitolewa nje haikujui. Asingekata ya kwake mwenyewe, tungekuwa tunalala kwa Jeptoo.

Sasa kanisani nawafundisha wote wanaotaka kununua: upekuzi unaona yaliyoandikwa, yaliyofichwa unayaachia bima, kwa hiyo lipia vyote viwili. Wananiita mwalimu! Nawaambia wazo lilikuwa langu. Elinaja anajaza chai tu.

Nyumba ni yake, Vedasto. Jina moja kwenye hati, la binti yangu. Nimelipapasa kwa kidole.

Basi nenda ukawaambie wanangu wawili wa kiume walioko huko hivi: kihamba changu, shamba letu la migomba la ukoo, kinagawanywa mafungu matatu, siyo mawili, na Elinaja anachagua wa kwanza. Wakibisha, waambie dada yao anajua kupiga simu.

Kaka yako, baba wa watoto watatu,
Melkiori