Joka Limehamia Ukuta wa Kweli

Karakana ya masofa,
Nyuma ya duka la mashuka.
Jumapili, baada ya kula.

Mpendwa dada,

Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko yasiyo kifani, nakutangazia kwamba joka letu limehama. Lilitoka ukuta wa jikoni likaonekana ukuta wa mlangoni, bila ruhusa ya mkuu wa nyumba, ambaye ni mimi pale mke wangu anapokuwa hayupo.

Lakini salamu kwanza, nisije nikaonekana sikulelewa. Hujambo? Miguu je, bado inavimba kwa zile zamu za kusimama wodini? Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida yake, nami kama kawaida yangu siusikilizi. Binti yako, huyu tunayemwita Wakili kwa sababu hakuna hukumu asiyoikatia rufaa, kifua chake kimetulia. Tangu aache kukaa darasani kwenye vumbi la chaki, kile kikohozi cha kukata pumzi hatujakisikia tena. Anakula, anakua, anabisha.

Najua macho yako sasa hivi yanaruka mistari yakitafuta mkaguzi wa elimu amesema nini. Yarudishe hapa. Uliandika mwenyewe kwamba mkaguzi asiporidhika na masomo ya nyumbani, mtoto anakwenda bweni, katika shule ile ambako shangazi yake ndiye msimamizi wa mabweni. Tangu niisome barua hiyo sikupata usingizi wa maana, kwa hiyo na wewe vumilia kidogo.

Turudi kwenye joka. Mwaka huu namfundisha habari za Zama za Kati. Unajua elimu yangu nimeiokota vipande vipande: kitabu hiki hakina jalada, kile hakina mwisho. Ndiyo maana kuna falme ambazo sijui zilianguka vipi. Najua tu kwamba zilikuwa zinatetereka. Ili tusidanganyane, tumegawana kuta za karakana. Ukuta wa mlangoni ni wa mambo yaliyotokea. Ukuta wa jikoni, yaani ule unaopakana na jiko, ni wa hekaya. Kila jambo linaandikwa kwenye kadi, na kadi haipandi ukutani mpaka ijibu maswali matatu: nani aliona, nani aliandika, na huyo aliyeandika alikuwa anakula kwa nani.

Utaratibu huu umetufaa sana. Ngome iliyozingirwa mpaka watu wakatafuna ngozi za viatu: mlangoni. Mshtakiwa aliyebebeshwa chuma cha moto, kisha kidonda kikakaguliwa kama kinapona vizuri ili ijulikane ana hatia au hana: mlangoni, ingawa mke wangu alikataa kabisa kuamini. Shujaa aliyelala chini ya mlima akisubiri kuitwa: jikoni. Joka linalolalia dhahabu: jikoni, bila mjadala. Tulipofika kwa waonja chakula wa wafalme, Wakili alijiteua mwenyewe kushika cheo hicho. Kwa muda mrefu chai yangu ilikuwa inanifikia nusu kikombe, nami naambiwa nishukuru kuwa bado niko hai.

Sasa huyo shangazi mtu. Dada, mimi simsemi vibaya marehemu shemeji, lakini ndugu yake huyu ana jambo. Anakuja kila Jumamosi na mkoba mkubwa usiofunguliwa na maswali madogo yasiyoisha. "Eti mjomba anakufundisha nini siku hizi?" "Hivi na hayo majoka nayo yamo kwenye mtihani?" Anauliza huku anazitazama kuta zangu kama mtu anayepima mapazia. Kuna Jumamosi moja aliondoka, na asubuhi yake nikakuta joka liko ukuta wa kweli, katikati ya njaa ya ngome na chuma cha moto.

Nikauona mpango wote. Mkaguzi anakuja Alhamisi, anakuta joka kwenye historia, anaandika kwamba mtoto huyu anafundishwa na kichaa wa kushona viti, na kule bweni kitanda kimeshatandikwa. Nikalirudisha joka jikoni upesi upesi. Kisha nikaenda kununua kufuli, lile zito la shaba, nikafunga karakana.

Jumatatu joka lilikuwa limerudi mlangoni. Na halikuja peke yake, lilikuja na pembe: ile pembe ya farasi wa hekaya mwenye pembe moja, ambayo wafalme waliamini ikichovywa kwenye kinywaji inafichua sumu.

Nikazirudisha kadi zote mbili ukuta wa jikoni, kisha nikamhoji mke wangu. "Joka gani tena?" akaniuliza, ufagio mkononi. "Mimi katika nyumba hii kuta siziangalii, baba, naangalia sakafu. Na sakafu yako inatia aibu." Nikamfuta kwenye orodha ya washukiwa, ila kwa penseli. Ufunguo wenyewe unaning'inia kwenye msumari jikoni, na jioni ile ile niliyonunua kufuli shangazi mtu alikuwa amepitia, akaenda jikoni kunywa maji. Nani anajua maji yanachukua muda gani kunywewa? Nikaamini kachongesha ufunguo.

Jumanne nikaaga kwamba nakwenda kununua sponji. Nikazunguka, nikaingia kwa dirisha la nyuma, nikajilaza ndani ya fremu ya sofa la mteja, lile la watu watatu, tupu bado, nikajifunika kitambaa chake. Nilikuwa nausubiri mkoba. Badala yake zikaingia kandambili ndogo. Kiti kikaburutwa. Pini ikachomolewa.

"Mjomba," sauti ikasema bila kugeuka, "sofa halikohoi."

"Wakili! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Toka humo, utakunja kitambaa cha watu."

Nikatoka, kwa shida kidogo. Nikamuuliza kama ana wazimu, kama anataka mkaguzi ampeleke bweni akakohoe huko mbali nasi. Nilimfokea, dada, nakuficha nini. Kuna saa nikimsikia anabishana na mke wangu kule jikoni najua kabisa nyumba hii bila yeye itakuwa stoo ya viti.

"Nimelihamisha mara mbili," akasema, "na mara zote mbili hukuniuliza hata swali moja kati ya yale matatu. Umerudisha tu."

"Niulize nini? Joka halikuwepo."

"Halikuwepo. Watu waliliogopa, hawakuliogopa?"

"Waliliogopa."

"Pembe je? Wafalme waliinunua?"

"Waliinunua. Kumbe lilikuwa jino la mnyama wa baharini."

"Kwa dhahabu ya kweli?"

"Ya kweli."

"Basi pembe ni hekaya, ila kuinunua kulitokea. Na kuogopa kulitokea. Mlangoni."

Nikamwambia woga si historia. Akashuka kwenye kiti, akanitazama vile unavyotazamaga wewe mtu akikupa sababu za kijinga.

"Mjomba, shangazi amekuibia nini?"

"Hajaiba kitu. Bado."

"Na kufuli umenunua?"

Nilimshikia kiti akapanda tena, akalibana joka mlangoni, na pembe kando yake. Mimi nikabaki nimeshika kiti kile muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Shangazi mtu nimemwomba radhi moyoni, ambako ndiko kunakotosha. Mkoba wake nao, naambiwa na mwenyewe, umejaa sufu: anamfumia mtoto sweta kwa ajili ya kifua. Aliyeona ni yeye, aliyesimulia ni yeye, na anakula kwa nani hilo sijalimaliza kuchunguza.

Kwa hiyo Jumatano yote tulijiandaa. Wakili alikariri hoja zake mbele ya ubao wa kupimia vitambaa. Mimi nikawa mkaguzi, nikamuuliza kwa sauti ya puani kwa nini joka liko kwenye ukuta wa kweli, naye akanijibu mpaka nikajisahau nikampigia makofi. Tulipanga asimame wapi, aanze na ngome au aanze na woga. Mke wangu alifagia sakafu mara mbili, na safari hii akazitazama na kuta.

Mke wangu anakusalimu sana. Shangazi mtu anakusalimu, na ameniuliza kwa nini nimeandika salamu zake kabla hajanituma. Wakili anakusalimu na anataka kujua kama wodi yenu ina mwonja chakula. Umsalimie na yule mwenzako wa chumba anayekoroma. Mungu akupunguzie zamu, akupe miguu ya kukurudisha nyumbani salama.

Ni mimi kaka yako, akupendaye kuliko anavyowaamini watu,

Fundi Masofa

N.B. Mkaguzi alikuja Alhamisi asubuhi. Alimsomesha aya moja, akampa hesabu za kugawanya, akajaribu kama dirisha linafunguka, akatia saini kwamba mtoto aendelee kusomea nyumbani. Kuta hakuzitazama. Kwa umri wake, alisema, historia haikaguliwi.