Pindo la Suruali ya Kipa

Jeppestown, Johannesburg
Jumapili, 2016

Mke wangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Hali yako vipi, na kile kifundo ulichotegua mazoezini kimepona? Mama naye, sukari yake imetulia? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ni mgongo tu unaolalamika kwa kuinamia cherehani, na baridi ya huku ambayo mpaka leo hatujazoeana.

Alhamisi ya wiki iliyopita uliponiuliza kwenye simu, "Nicheze au nije?", nilisema chaji inaisha nikakata. Chaji ilikuwepo. Nilikimbilia uongo wa kitoto, mwanamume mzima na ndevu zangu. Unisamehe. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na barua hii pamoja na mzigo anakuletea jirani yangu anayerudi Tanga kwa basi.

Tangu nifike huku, mwaka wa tatu huu, nilikuwa na jambo moja tu moyoni, kukuleta. Mwezi uliopita nikapata chumba Rosettenville kwa mama mmoja wa Kireno, kina dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Nilishapanga kitanda kikae wapi na nguo zako zitundikwe wapi. Halafu ukaniambia ligi ya taifa ya wanawake inaanza, timu yenu imo, kipa wao ni wewe, na viongozi wanataka majina. Na mama yangu kasema huendi kwenye ligi hiyo mpaka mimi niandike kwa mkono wangu. Najua ukisajiliwa ndiyo basi, mwaka huu huji. Nilinuna siku mbili, Mwanaidi. Niliuonea wivu mpira.

Siku ya tatu nikashika mkasi. Kwa kuwa mama anachukizwa na kaptula, nimekushonea suruali ndefu ya kipa, yenye sponji mapajani na magotini, na kilemba cha kubana kisichoteleza hata ukijirusha. Kilemba nilikijaribu kichwani mwangu mwenyewe. Nilikuwa najitupa kushoto na kulia kati ya meza mbili, Papa Kalenga akaingia na chai. Huyu ni fundi wa Lubumbashi ninayeshirikiana naye chumba cha kazi.

"Eish, Bakari, uko nafanya nini? Utavunja mashini ya watu."

Nikamweleza yote, ligi na chumba. Akaketi. Mke wake yeye yuko kwao, mwaka wa saba sasa.

"Ukimuita atakuja," akasema. "Lakini mutakuwa batatu mu ile chumba. Weye, yeye, na ile mupira yenye aliacha."

Nikajifanya natafuta sindano. Ila jana nimemrudishia mama wa Kireno ufunguo wake.

Kwa hiyo cheza. Karatasi ya ruhusa imo ndani ya bahasha hii hii, mpe mama. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili asisingizie miwani. Wewe na mimi tunajua kwamba hukuwahi kuningoja nikuruhusu kudaka. Ile penalti yangu ya pale Makorora uliidaka kabla hata sijaleta posa kwenu. Miaka yote nimekuambia nilikupigia polepole kwa huruma. Sikukuhurumia hata kidogo. Niliupiga mpira kwa nguvu zangu zote, ukaudaka, nikarudi nyumbani nimeshakupenda. Sasa umejua, usiwahadithie wenzako.

Nimekukumbuka mno. Jumamosi nikipita kiwanja cha vumbi cha huku, mabinti wakiwa wanacheza, huwa nakwenda kusimama nyuma ya goli, pale pale nilipokuwa nikisimama ulipokuwa ukidaka wewe. Siku moja kipa wao akageuka akaniuliza namtafuta nani. Nikasema simtafuti mtu, nikaondoka.

Nisalimie mama, umwambie mwanawe anakula vizuri. Msalimie dada yangu Rehema anayekusindikiza mazoezini, na mjomba Athumani fundi baiskeli, ila huyo mkataze kukupigia kelele za maelekezo, hajawahi kucheza mpira maisha yake yote. Baba na mama yako wape shikamoo zangu.

Limebaki moja, la kifundi. Suruali ya kwanza niliikata kwa vipimo vyako vilivyo kwenye daftari langu, kiuno, nyonga, urefu wa mguu. Nimemaliza kuishona, naipiga pasi, ndipo nikakumbuka kuwa vipimo vile nilikupima mwenyewe wiki niliyoondoka. Kila mteja anayeingia hapa nampima kabla sijagusa mkasi, hata yule niliyemshonea mwezi jana. Wewe nilikukata kama nilivyokuacha. Ikabidi nishone nyingine, na hiyo nimeiachia pindo pana kila upande, uipunguze au uipanue. Kabla ya mechi ya kwanza mwambie Rehema akupime upya, bega mpaka kifundo, mniandikie vyote. Ukurasa wako wa zamani nimeuchana. Nimefungua mpya, una jina lako tu.

Nikiwa nyuma ya goli lako, kwa mbali,
mumeo Bakari