Shusha Ile Picha, Mama

Kakuma,
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Kwanza niambie, mguu unaendeleaje? Dada Nekesa alinieleza kwamba umeanza kwenda kanisani bila fimbo, nami nikamwambia akufiche jembe, maana nakujua, ukipata nafuu kidogo utaonekana shambani. Na yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mimi huku ni mzima wa mwili. Joto ni lile lile, upepo wa asubuhi unatutilia mchanga hadi kwenye uji, na pampu mbili za maji ninazozitunza zimeharibika katika wiki moja. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Nyumba ndiyo haiko sawa.

Ndiyo sababu nimekaa chini kuandika kwa mkono, kama nilivyokuwa nikikuandikia kutoka shule ya bweni. Kwa simu ningeanza tu, ungesema "haya, haya," halafu ungempa dada simu. Mwalimu jirani yangu anashuka Bungoma kesho kwa likizo, atakuletea barua hii mkononi. Nekesa akusomee yote, asiruke mahali hata kama nimekutaja vibaya.

Akiru ameondoka, Mama. Ameondoka na mtoto wetu Nafula, na leo ni siku ya tisa.

Yote yametoka kwenye ile picha tuliyopiga Eldoret tulipotimiza miaka mitano ya ndoa, hiyo uliyoitundika sebuleni juu ya kabati la vyombo. Safari ile niliitaka mimi. Akiru alitaka tutoe shukrani kanisani, tuchinje kuku, basi. Lakini unakumbuka siku ya harusi yetu Lodwar upepo ulivyovuma: katika picha zote tumefumba macho, hata padri amefumba. Nikasema mara hii tutapigwa picha ndani ya nyumba, mjini, tukiwa tumefumbua. Nafula tukamwacha kwa jirani yetu, Mama Furaha, yule mama Mkongomani anayeuza vitenge, ili picha ziwe za bwana na bibi peke yao.

Studio ilikuwa na taa kubwa na kapeti la manyoya. Mpiga picha, msichana mmoja mchangamfu, alitukodisha nguo: mimi suti nyeusi, Akiru gauni jeupe. Akiru alipotoka kuvaa alikuwa na shanga zake shingoni, zote, nyekundu na manjano na buluu, zile alizovikwa na mama yake. Msichana akapiga makofi. "Wacha! Hizo zimeweza! Usitoe hata moja."

Sikia vizuri, Mama. Mpiga picha alizipenda. Ni mimi niliyesema azitoe.

Nilimwambia hazipatani na gauni. Akiru akanitazama. "Baba Nafula, mimi sitoi hizi hivi hivi. Kwetu mwanamke akitoa shanga, ni mgonjwa ama amefiwa."

"Hapa ni Eldoret," nikamwambia. "Nani atajua? Dakika kumi tu."

Halafu mikono yake ikaenda nyuma ya shingo. Ilichukua muda, maana nyingine hazikuwa zimetoka miaka mingi. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa imefifia, laini kama ya mtoto mchanga, nami nikaona haya kuiangalia, lakini sikusema rudisha. Tukapigwa picha. Msichana akamwambia Akiru aegemeze kichwa kifuani mwangu, atazame chini kidogo. Basi macho yake tena hayakuonekana. Tulipomaliza alizivaa kabla hajavua gauni.

Sasa nikuambie kwa nini. Sikuwa nafikiria gauni, nilikuwa nakufikiria wewe. Siku ya harusi ulinivuta kando, ukaniambia, "Msichana mwenyewe hana neno, lakini hayo mashanga, wamama wa kanisa watasema mwanangu ameoa wapi?" Sikukujibu. Mimi sijui kukukatalia, tangu utotoni sijui. Nikayabeba maneno hayo miaka mitano, nikaenda kumwekea Akiru shingoni, kisha nikamdanganya kwamba ni habari ya gauni. Na ulipoiona picha ukanipigia, ukasema, "Sasa ndiyo mwanangu ameoa." Mama, nilikuwa juu ya tangi la maji, nikacheka peke yangu kwa furaha. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Picha hiyo hiyo niliiweka kwenye simu watu waione. Binamu yake Akiru akaiona, akashuka nayo hadi Lowarengak, kule ziwani, kumwonyesha mama mkwe wangu. Mama yule hasomi, kwa hiyo maneno yangu ya kumshukuru Mungu hayakumsaidia kitu. Aliona binti yake shingo tupu, kichwa chini, ameegemea mume aliyevaa nyeusi. Akatafuta mtoto kwenye picha, hayupo. Hakuuliza mtu. Alirudisha simu, akaingia ndani, akatoa shanga zake mwenyewe, akanyoa kichwa, akaanza kumlilia mjukuu wake. Majirani wakaja wakalia naye.

Sisi hatukujua lolote kwa siku tatu. Siku ya nne, mchana, binamu akapiga simu kutupa pole ya mtoto. Nafula alikuwa amekaa sakafuni mbele yetu, anakula maharagwe kwa mkono, mchuzi hadi kwenye masikio. Akiru alimwangalia, akaangalia simu, akamnyakua mtoto na sahani yake wakaanguka pamoja kitandani. Alimshika hivyo mpaka Nafula akalia. Mama Furaha akaja mbio akidhani kuna kitu. "Lakini mutoto iko muzima!" akawa anasema, anampapasa miguu. "Si huyu hapa? Iko muzima kabisa!"

Jioni ile Akiru hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Aliniuliza tu, "Ulitaka nizitoe kwa sababu gani?" Nikasema gauni. Akauliza tena. Nikasema gauni tena, Mungu anisamehe. Akatikisa kichwa, akazitoa zote, akazitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango.

"Mama yangu amenyoa kichwa kwa mtoto aliye hai," akasema. "Lazima amshike kwa mikono yake. Wewe baki. Hizi nitavaa siku utakaponiambia ukweli."

Asubuhi wakaondoka. Nimepata ujumbe mmoja tu: "Tumefika. Mtoto mzima. Mama hamwachi chini." Baada ya hapo simu haipatikani. Likizo yake kazini inaisha Jumatatu, na sijui kama anakusudia kurudi.

Nilishindwa kukaa. Jumapili nilishuka Lodwar kwa kaka yake mkubwa, Ekal, yule karani mrefu aliyekuchekesha siku ya harusi. Nilimkuta nje ya nyumba yake anatengeneza kiti. Nilidhani atanifukuza.

"Ejok, shemeji. Kaa hapa," akanisalimia kwa Kiturkana. "Wewe umekaa Turkana miaka ngapi?"

"Saba."

"Saba! Na hii kitu bado hujui?"

Nikamwambia nilijua. Akiru aliniambia kabla hajazitoa. Ekal akaweka nyundo chini.

"Basi hiyo ni mbaya kuliko kutojua," akasema. "Lakini sikiliza. Mama hana hasira na wewe. Yeye iko na aibu na woga. Amelia mtoto mzima mbele ya watu, sasa anaogopa ameita kifo kwa huyo mtoto. Jumamosi tutachinja mbuzi, wazee wambariki mtoto, watu waone iko hai. Mbuzi iko, usijali mbuzi. Wewe kuja na maneno. Dada yangu anangoja maneno."

Basi Jumamosi naenda Lowarengak. Nimezishusha shanga kwenye msumari, nimezifunga kwenye kitambaa safi. Ukweli nitausema mbele ya mama yake na mbele ya wazee, kwamba nilimvua mke wangu shanga zake ili apendeze machoni pa watu wa nyumbani kwetu. Naogopa, Mama. Naogopa atanisikiliza vizuri, kwa heshima, halafu aseme nirudi Kakuma peke yangu. Huku nyumbani kiatu kimoja cha Nafula kimebaki chini ya kitanda, na kila nikifagia nakirudisha pale pale.

Nisamehe kwa kukuandikia hivi. Sikulaumu wewe kuliko ninavyojilaumu. Wewe ulisema neno moja siku moja, la mama yeyote anayewaza majirani. Mimi ndiye niliyelifanyia kazi. Lakini picha ile ni moja: wewe uliona mke, mama mwenzako akaona msiba, na siwezi kuendelea kujua kwamba iko ukutani wageni wakiisifu. Ishushe. Msumari uache. Akikubali kurudi nitakuletea nyingine, yeye na shanga zake na Nafula katikati, hata kama upepo utatufumba macho wote.

Nisalimie Nekesa, naye amsalimie mumewe. Mjomba mwambie spana zake bado ninazo na zinafanya kazi nzuri. Shangazi wa kanisani, ambaye najua atauliza picha imeenda wapi, msalimie sana, umweleze ukweli.

Na jambo la mwisho, ndilo ninalokuomba kwa magoti. Barua ikifika, kabla ya Jumamosi, mwambie Nekesa anase sauti yako kwenye simu anitumie. Usihangaike na maneno mengi, wala usiombe radhi kama huoni pa kuombea. Ila kwa miaka mitano, Mama, umemwita "yule msichana," "mama mtoto," "huyo wa Turkana." Siku hizi tisa nikiwa peke yangu nimehesabu, na sijapata hata siku moja uliyomwita kwa jina. Anaitwa Akiru. Litamke tu, nimpelekee alisikie.

Mwanao akupendaye,
Wafula