Muuza Jua wa Kivulini

Baba yangu,

Nimekaa kwenye kiti chako, mwanangu kalala kifuani, na nina habari isiyoweza kungoja.

Wakumbuka walivyokucheka ulipokodi duka la paneli za sola kichochoroni huku Mji wa Kale, mahali panapopata jua saa moja tu kwa siku? Walikwita muuza jua wa kivulini. Ulicheka nao. Kisha ikifika saa sita unatoa paneli mlangoni, unaiunga na feni yako ya buluu, na mnunuzi halipi mpaka upepo umpige usoni. Mimi nikikushikia waya, nikiona haya.

Ulipotutoka duniani mambo yaligeuka. Viwanda vya ng'ambo vimetengeneza paneli nyingi kuliko walimwengu wanavyozihitaji, na zamwagwa kwetu. Kutoka Mwembe Tayari hadi Ganjoni kila duka linazo, hata la mapazia. Bei yashuka kila wiki. Ami Swaleh, jirani yetu, alinihurumia: "Funga, mwanangu, uuze nguo za watoto." Na yeye mwenyewe keshaanza kuuza paneli, maboksi hata hayafungui. Nilikuwa nimechoka, Baba. Mtoto halali, nami silali. Nikamwambia mwenye nyumba natoka mwisho wa mwezi.

Wiki hiyo hiyo wakaja kina mama wenye madrasa, wataka paneli sita za pampu ya kisima. Nikawaambia warudi saa sita. Walinuna, lakini walirudi. Nikazipima moja moja, mtoto mgongoni. Kwa ile ya nne, feni haikusogea. Nikaiweka kando mbele yao, nikaenda kuchukua nyingine.

Mkubwa wao akauliza, "Mbona wajiharibia biashara?"

Nikamwambia, "Hasara ibaki hapa kwangu, mama, isiwafuate kisimani."

Walinunua zote, wakaenda kusema. Na kina mama wale wakisema, mji wasikia. Sasa saa sita kichochoro chajaa, na wengine waja na paneli za maduka mengine, wataka niwapimie. Jana alikuja Ami Swaleh na boksi lake kichwani. Mteja wake kamkatalia mpaka aione feni yako ikizunguka. Nilitaka kumcheka, Baba. Nikampa waya anishikie.

Mwenye nyumba nimeshamwambia sihami.

Lala salama. Jua lishafika kizingitini, naitoa feni.

Binti yako, muuza jua wa kivulini