Swali la Pale Getini

Jumanne, Woodley

Na bado nasema yule karani hana adabu. Nimeenda hospitali Upper Hill kupangiwa upasuaji wa jicho, ananiuliza mbele ya watu, "Mzee, ukikufa tuite nani?" Mimi, nimejenga nusu ya gorofa za huko! Nikamwambia, "Ita mamako," nikachukua kofia, nikatoka.

Mwenzake, msichana mmoja, akanifuata mpaka kwa geti. "Guka," akaniita, yaani babu, "nani angetaka kujua uko hapa?"

Nikajikuta nimesema Wairimu, binti yangu. Hatujaongea tangu tuzike mamake. Namba yake nikaitaja yote kwa kichwa.

Wamempigia. Anakuja kesho kunipeleka huko hospitali. Shati nimepiga pasi. Lakini cha kumwambia sina, mimi na maneno yangu yote...