Breki na Maua ya Harusi

Mjukuu wangu Yona,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mpwapwa tu wazima. Ng'ombe wa mama yako mdogo amezaa, na mvua ndiyo hivyo tena.

Sasa hizi picha za breki unazonitumia kila asubuhi kutoka huko Chimwaga zimenichosha. Mara za diski, mara za mpira, mara mikono ya breki ya rangi ya dhahabu. Unataka kuendesha baiskeli mpaka Iringa, halafu unaniuliza ipi inapendeza?

Babu yako naye alipenda kupendeza. Siku ya harusi yetu alifunga vitambaa na maua ya karatasi kwenye usukani mzima, kama vijana wote wa wakati ule. Nikakaa kwenye keria na shela langu. Tukateremka kuelekea kanisani, kwaya imesimama mlangoni kutupokea. Akabana breki, haibaniki. Vitambaa vilikuwa vimeukaba mkono wa breki. Akakandamiza kiatu kipya kwenye tairi mpaka tukasimama mbele ya mchungaji, soli inanuka moshi.

Jioni alinirudisha kwa miguu, anasukuma baiskeli.

Yona, vidole vyako ni vifupi kama vyake. Nenda dukani, fumba macho, ubane. Breki ambazo vidole vinazifikia bila kuzitafuta, nunua hizo, hata kama sura yake mbaya. Na huyo binti uliyeniambia utasafiri naye, umemuuliza anataka zipi?

Mimi sikuulizwa.

Bibi yako